Salamu Mteremkoni

Zefania alipeleka kabichi za kijiji cha ujamaa sokoni Lushoto kwa baiskeli, na hakuna alichokichukia kama waenda kwa miguu. Walitembea katikati ya barabara kama wako uani kwao. Kengele waliisikia, wakaipuuza. Breki zilikuwa zimekwisha na spea madukani hakuna, hivyo kwenye mteremko alikandamiza gurudumu kwa soli ya katambuga yake huku akifoka: "Pisheni, viziwi nyie!"

Asubuhi moja ya ukungu, akiteremka kasi, akamwona mbele yake Bibi Rahabu, aliyemfundisha katekismo, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Huyo angemfokeaje? Ulimi ukafanya ulichofunzwa tangu utotoni.

"Shikamoo, bibi!"

Salamu haiitikiwi kwa mgongo. Bibi akasimama palepale katikati ya barabara, akageuka taratibu na mzigo wake.

"Marahaba, mwanangu..."

Baiskeli na kabichi zake vikamkumba hata hajafunga mdomo.

Walimzika Jumapili. Tangu hapo Zefania hushuka akiikokota baiskeli, na akipishana na mzee hutazama chini, kimya. Wasiomjua husema hakulelewa.