Shangazi Alivyoipiga Pasi Disketi ya Mwalimu

Shangazi yangu aliwahi kupiga pasi kompyuta.

Hamjasoma vibaya. Pasi ya mkaa, ile ya jogoo. Alilowesha kitambaa, akakitandaza juu, akasukuma taratibu kama ananyoosha kanzu ya Idi. Na siku hiyohiyo mchana, mgambo walikuwa wanakuja na mkokoteni.

Mimi ni Abasi, fundi wa Kanyenye, Tabora. Sasa hivi ni mzee, lakini mwaka 1983 nilikuwa kijana wa kutengeneza redio, nakaa kwa Shangazi Mwanamkuu, na hakuna kitu duniani nilichodhani sikijui.

Kwa mliozaliwa juzi: huo ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Ukikutwa na kitu kisichoeleweka ndani ya nyumba, unaeleza vizuri au unakwenda kuelezea mbele ya safari. Jirani yetu mmoja alizika sabuni za katoni nzima, mvua ikanyesha, uwanja ukatoa povu.

Sasa katika mazingira hayo, mpangaji wetu akarudi na kompyuta.

Mpangaji mwenyewe ni Mwalimu Sylvester, mtu wa Kwihara, anafundisha hesabu sekondari. Mkatoliki mpole, hana makuu. Alikwenda kusoma Ulaya miaka miwili, akarudi na sanduku moja la nguo na maboksi matatu ya hiyo mashine. Alikuwa na barua ya ruhusa yenye muhuri: kompyuta moja, ya kufundishia hesabu.

Aliifungua Jumatano, chumbani kwake. Bara hatukuwa na televisheni, kwa hiyo kioo peke yake kilitutoa macho.

Nieleze kidogo hapa ili tuende pamoja. Leo mnaweka Windows kwa flash, mnasahau. Zamani ule mfumo wa kuiamsha mashine haukukaa ndani. Ulikaa kwenye disketi, kitu cheusi, chembamba, cha mraba, na kila ukiwasha lazima uilishe hiyo disketi kwanza. Usipoilisha, haiamki.

Mwalimu alikuwa na disketi tano, zinafanana kama mayai. Kinachozitofautisha ni vijikaratasi alivyobandika kwa mkono wake. Moja MFUMO. Moja HESABU. Tatu TUPU.

Akaweka ya MFUMO, mashine ikakoroma, ikaamka. Akaandika jina la Shangazi, likatokea kwenye kioo. Shangazi akalitazama weee, akasema, "Masha'Allah. Mimi ni mwembamba hivyo?"

Hiyo ni Jumatano. Raha tupu.

Jumamosi akaja Balozi.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliitwa Mzee Masele. Msukuma wa Igunga, mtu wa haki lakini mgumu kama kuni mbichi. Kwake kitu kisicho na karatasi hakipo, na chenye karatasi nacho kinachunguzwa. Alipiga hodi, akamwamkia Shangazi shikamoo kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akavaa sura ya kazi.

"Ndugu Mwalimu, nimeambiwa una redio ya kuongea na nchi za nje."

"Hapana, Ndugu Balozi. Ni kompyuta. Barua hii hapa."

Akaisoma barua mara mbili. Akagusa muhuri.

"Barua inasema kompyuta. Sawa. Lakini nitajuaje kwamba hii ndiyo kompyuta?"

Swali zito hilo, msilicheke.

"Nitaiwasha, uone inavyopiga hesabu," akasema Mwalimu, anatabasamu. Akachukua ile ya MFUMO, akaitia, akabonyeza.

Krrr. Krrr. Kimya. Kioo kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza.

"Inasemaje?" Balozi akauliza.

Mwalimu akainama, akasoma. "Inasema haioni mfumo. Niweke disketi yenye mfumo."

"Si umeweka?"

"Nimeweka."

Akarudia. Jibu lile lile. Ni kama mtoto aliyeshika kikombe cha uji huku analilia uji.

Balozi akafunga daftari lake. "Nakupa mpaka Ijumaa, saa nane. Ikipiga hesabu, ni kompyuta. Isipopiga, ni redio, na wewe na mwenye nyumba mtakwenda kuieleza huko wilayani." Halafu akanyoosha mkono, akachukua disketi moja iliyoandikwa TUPU. "Hiki ni kielelezo."

Nilipomwona Shangazi amekaa mlangoni, miaka sitini na mbili, hajawahi kuonana na polisi hata kwa kuulizwa njia, nilijua siwezi kukaa pembeni. Mwenye nyumba ni yeye. Mwalimu akikwama, na Shangazi amekwama.

Nikasema, "Mwalimu, mimi ni fundi. Hii tunaimaliza Jumapili."

Kiherehere hicho.

Jumapili nikapima umeme. Mzima. Jumatatu nikafungua mashine, nikasafisha kila kinachong'aa kwa spiriti na pamba. Pamba ikatoka na harufu ya udi. Sikushangaa, kwa Shangazi hata maji ya kunywa yalinukia udi. Jumanne nikaipiga kofi la ubavuni, dawa ambayo haijawahi kushindwa kwa redio. Ikashindwa.

Jumatano tukakaa na kitabu cha maelekezo, Mwalimu anatafsiri.

"Kitabu kinasema, kwanza hakikisha umeweka disketi sahihi."

Akaichomoa, akatazama kijikaratasi. MFUMO. Mwandiko wake mwenyewe.

"Sahihi. Twende ukurasa wa pili."

Wakuu, ukurasa wa pili ulitupotezea siku nzima.

Alhamisi Mwalimu hakula. Alikuwa amekaa kitandani, anaikodolea macho ile mashine kama mtu aliyenuniwa na mke. Shangazi akamwonea huruma, akatuambia tutoke tukapunge upepo, yeye afagie.

Ijumaa asubuhi tunarudi mezani, disketi ya MFUMO haipo.

"Shangazi!"

Akatoka chumbani kwake ameishika kwa mikono miwili, anatembea polepole. Inang'aa. Imenyooka. Nyembamba kuliko nilivyoiacha.

"Ilikuwa imejikunja, wanangu. Nimeinyoosha."

Mwalimu akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kuangukia. "Umeinyoosha na nini, Shangazi?"

"Na pasi. Kwani nyie mnanyooshea nini?"

Mwalimu akakaa chini. Si kwenye kiti, pale pale sakafuni.

Nikauliza kwa nini ilijikunja. Akajibu bila wasiwasi wowote kwamba jana alizifukiza disketi zote, na ile moja ikasogea karibu na makaa.

"Ulizifukiza?"

"Abasi, wewe umezaliwa Tabora kweli? Kitu kimetoka safari ya mbali namna ile, kinalala ndani bila kufukizwa? Bibi yangu aliniambia hata mizigo ya wasafiri wa zamani ilipitishwa moshi kabla haijaingia chumbani. Nimeziweka kwenye tenga juu ya chetezo, na kanzu zako. Udi wa maana, si ule wa sokoni."

Nikaitazama tena ile disketi. Kitu kimoja kikanisumbua.

"Mbona kijikaratasi hakijaungua?"

"Ah, karatasi nazibandua kwanza, zisiingie moshi. Kama nilivyofanya Alhamisi ile nyingine."

Mwalimu akainua kichwa. Alhamisi ile nyingine ndiyo siku moja baada ya mashine kufanya kazi, na siku mbili kabla ya Balozi.

"Shangazi," akasema taratibu, "ulipozirudisha, kila karatasi ulirudisha mahali pake?"

"Kila disketi na karatasi yake. Disketi tano, karatasi tano. Hakuna niliyoiacha uchi."

Shangazi alisoma Kurani mpaka akahitimu, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Kisomo cha watu wazima alihudhuria siku mbili, akaacha, akasema mwalimu ana dharau.

Kumbe wiki nzima tumeitibu disketi tupu!

Tukazikimbilia zile tatu nyingine. Ya kwanza, haioni mfumo. Ya pili, hola. Ya tatu, hola. Hesabu ikabaki nyepesi: mfumo uko kwenye ile iliyopigwa pasi, au uko kwa Balozi.

Hapo hakuna ufundi. Mwalimu akatoa rozari. Mimi nikaenda kuswali Ijumaa, na nakiri niliomba mambo ya disketi katikati ya dua za maana.

Saa nane kamili Balozi akaingia. Mgambo wawili na mkokoteni nje. Akamwamkia Shangazi, akaitikiwa, akaketi.

"Haya. Ipige hesabu."

"Ndugu Balozi," nikasema, "tunaomba kile kielelezo. Tunadhani ndicho chenye mfumo."

Akatoa bahasha kwenye mkoba. Imefungwa kwa gundi, imepigwa muhuri sehemu nne.

"Kielelezo hakiguswi na mtuhumiwa. Huo ndio utaratibu."

"Lakini bila hicho..."

"Utaratibu, Ndugu Abasi."

Nikaona tumekwisha. Mgambo mmoja alishaanza kupima mlango kwa macho, kama mashine itapita.

Ndipo Shangazi akasema kutoka pale mlangoni, anajifuta mikono kwa kanga, "Masele, wewe ni mtuhumiwa?"

"Mimi? Hata kidogo, Bi Mwanamkuu."

"Basi kiweke wewe."

Balozi akafikiri. Akautafuta utaratibu kichwani, hakuona unaokataza. Akachana bahasha mwenyewe, na chumba kizima kikanukia udi. Mwalimu akamwonyesha tundu kwa kidole, akiwa mbali, mikono nyuma. Balozi akaiingiza jicho moja amefumba, kama anatia mkono kwenye mzinga wa nyuki.

Akabonyeza.

Krrr. Krrr.

Kimya. Nilisikia kuku wa jirani.

Halafu kioo kikauliza tarehe, kama kilivyouliza Jumatano ile kilipoamka.

Mwalimu alilia, jamani. Mtu mzima na shahada zake, machozi yanadondokea vitufe. Akaandika kwa haraka, na kioo kikatoka na herufi kubwa: NDUGU MASELE, BALOZI WA NYUMBA KUMI. Chini yake, kumi mara kumi ni mia.

Balozi akasoma jina lake. Akaita mgambo wa kwanza asome. Akaita wa pili. Akahakiki na zile hesabu kwa kalamu, maana yeye si wa kudanganywa.

"Ni kompyuta," akatangaza. Na kufikia Magharibi, Kanyenye nzima ilikuwa inajua kwamba kompyuta ya Mwalimu iligoma wiki nzima, mafundi wakashindwa, akaja Balozi Masele akaitengeneza kwa mkono mmoja.

Hatukumkanusha. Na kwa haki, alikuwa na sehemu yake. Mtu aliyekuja kutumaliza ndiye aliyetuokoa, maana asingeichukua ile disketi Jumamosi, Alhamisi ya pili ingekuwa kwenye tenga na wenzake, na huenda pasi ingeipitia hiyo.

Siku ileile Mwalimu akatoa nakala. Moja ikabaki mezani, moja tukampelekea Balozi, ikafungwa kwa gundi na muhuri sehemu nne. Hakuna mahali salama zaidi Tabora nzima.

Shangazi alifariki mwaka 1996, Mungu amrehemu. Ile disketi ya pasi ninayo dukani, ukutani, na ukiisogelea sana bado unaweza kudanganyika kwamba inanukia.

Siku hizi natengeneza kompyuta. Vijana wangu wananicheka, kwa sababu ikiletwa mashine isiyowaka, kabla sijashika bisibisi nauliza, "Nani anafagia chumba inapokaa?" Naomba niongee na huyo kwa simu. Msicheke. Nyingi zimepona kwa simu hiyo moja.

Nilijifunza jioni ya Ijumaa ile. Balozi keshaondoka, nimekaa na Shangazi barazani, nikamuuliza kwa uchungu kabisa kwa nini siku sita ananiona natoka jasho, nafungua na kufunga, asiniambie kama alizigusa zile karatasi.

Akanimiminia chai kwanza.

"Umeihoji mashine, umeuhoji umeme, umekihoji kitabu cha wazungu," akasema. "Mimi niliyekuwa nimekaa hapa mlangoni, Abasi, uliniuliza lini?"