Mnunuzi wa Ngozi Aliyesimamisha Ng'ombe

Miaka ile ya vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka kuitenga kaskazini, watu wawili wakisimama kuongea barabarani Isiolo, wa tatu alikuja kuuliza wanaongea nini. Kwa hivyo mkalimani wa mahakama aliponiambia anaanzisha chama cha watu kujifunza kusema hadharani, nilidhani jua limempanda kichwani.

"Mwalimu," aliniambia, "kutwa nasema maneno ya wengine. Mwizi akijitetea, sauti ni yangu. Hakimu akikaripia, sauti ni yangu. Nataka walau mara moja kwa wiki niseme ya kwangu."

Nilikuwa nafundisha darasa la pili, nimeteremka kutoka Meru na kupanga chumba mtaa wa Bulla Pesa, na sauti yangu ilikuwa haivuki dawati la mbele. Nikakubali. Ruhusa ilitoka kwa DC, mkuu wa wilaya, kwa masharti: tusiguse siasa, na kila mtu awe kwake kabla ya kafyu, amri ya kutotoka nje, kuanza saa kumi na mbili jioni.

Tulikutana Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo karibu na soko. Mkalimani ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mimi, katibu, niliandika mada kwenye vijikaratasi na kuvitia ndani ya kopo la majani ya chai. Aliyeitwa alichomoa kimoja, akakisoma kwa sauti, akaanza kusema papo hapo bila kujitayarisha. Muda ukiisha, dereva mmoja Mturkana aligonga kwa spana kipande cha springi ya lori kilichoning'inia dirishani. Dereva huyo alikuwa akipeleka mizigo Merti katika msafara wa wanajeshi, na wiki aliyokosekana sote tulikuwa na wasiwasi mpaka tulipomwona tena. Mwishoni mwanachama mwingine alisimama kumkosoa msemaji, na sheria ilimtaka aanze na jambo la kusifu.

Mkosoaji tuliyemwogopa zaidi alikuwa mama wa Kisomali aliyeuza maziwa. Alijiunga, alisema, kwa kuwa askari wa mji walimzidi maneno kila walipomfukuza pale alipokaa kuuza. Siku ya kwanza alinisifu hivi: "Mwalimu ana viatu vizuri." Halafu akanichambua kama mchicha.

Mgeni alianza kuja msimu wa kiangazi. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, amevaa koti zito, na Isiolo yote ilikuwa inachemka kwa joto. Mwenyekiti alipomuuliza kazi yake alijibu, "Nanunua ngozi." Lakini kila mara mtu alipotaja neno kama "mpaka" au "serikali", hata kama ni mpaka wa shamba la vitunguu kule Burat, shingo ya yule mgeni ilirefuka.

"Huyo ni polisi," dereva aliniambia tukipanga viti.

"Una hakika?"

"Mwalimu, tazama viatu. Nani ananunua ngozi na viatu vinang'aa hivyo?"

Mama wa maziwa alisikia, akafunga mtandio wake vizuri. "Basi aseme," akasema. "Anakula maneno yetu bure kila wiki."

Mwenyekiti alikumbuka ghafla kwamba chama kina sheria, ambayo mpaka siku hiyo hatukuwa nayo, kuwa mgeni akizoea kuja lazima ahutubie. Mimi nami nilirudi kwangu nikaandika vijikaratasi vipya vya kopo, vyote mada moja. Sijawahi kufanya kazi ya ukatibu kwa furaha kama ile.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alimwita mgeni mbele. Akakataa, tukapiga makofi. Akakataa tena, tukazidisha. Akaja mbele na koti lake, akatia mkono ndani ya kopo, akachomoa.

"Jinsi ya kununua ngozi nzuri," akasoma, akageuza karatasi kana kwamba kuna msaada upande wa pili.

Kisha akasimama wima, mikono ikabana mapajani, akaanza:

"Mnamo asubuhi, nikiwa katika shughuli zangu za kawaida za kununua ngozi, nilimwona ng'ombe mmoja, jinsia ya kike, rangi nyeusi, akitembea kuelekea upande wa mashariki kwa namna ya kutia shaka."

Mwenyekiti alishika meza. Maneno hayo ya polisi aliyatafsiri kila siku mahakamani, na midomo yake ilianza kucheza yenyewe kwa Kiborana.

"Nilimsimamisha ng'ombe huyo," mgeni aliendelea, "nikamtaka ajieleze. Hakuweza kutoa maelezo ya kuridhisha."

Ukumbi ulipasuka. Dereva alijifunika uso kwa kofia. Mgeni akatutazama, na nikaona kwenye macho yake kwamba sasa amejisikia. Nilidhani atakasirika, na nikawaza kazi yangu, na chumba changu, na mama yangu kule Meru. Badala yake alivua koti, akalitundika kwenye kiti.

"Ng'ombe huyo," akasema polepole, "alidai kwamba anakwenda kisimani. Lakini nilipompekua, nilimkuta na maziwa."

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Alimkamata ng'ombe, akamkamata ndama kwa kosa la kumfuata mshukiwa, akaita punda kutoa ushahidi, naye punda akageuka upande wa washtakiwa. Mama wa maziwa alinyanyuka kumhoji, kinyume cha taratibu zote.

"Waryaa, wewe! Mnunuzi wa ngozi, mbona hunuki?"

"Mama, naoga."

"Mwongo! Hiyo harufu haitoki kwa kuoga!"

Dereva alikuwa akifuta machozi na spana imeanguka sakafuni. Springi haikugongwa. Kilicholia kilikuwa king'ora cha kafyu.

Kicheko kilikatika. Siku hizo watu walilala kituo cha polisi kwa kukutwa nje, na wengine yaliwapata makubwa kuliko hayo. Giza lilikuwa linaingia, na soko lilikuwa tupu. Hatukuwa na lingine ila kutembea pamoja kuelekea Bulla Pesa, tukikanyaga kama watu walio kwenye nyumba ya mgonjwa.

Tulikuwa hatujafika mbali taa ikatumulika usoni.

"Simama! Mikono juu!"

Tukainua mikono. Mama wa maziwa aliinua na kibuyu chake. Askari alikuwa kijana wa bara, kule kusini, na nilivyoona, alituogopa kuliko sisi tulivyomwogopa.

Mgeni alitangulia peke yake, mikono juu, akasema jambo kwa sauti ya chini. Kisha akatoa kitu kidogo mfukoni. Taa ikashuka. Tukasikia visigino vikigongana.

"Samahani, afande!"

Alirudi kwetu akitazama chini. "Twendeni," akasema. "Nitawafikisha kila mtu mlangoni."

Njiani mama wa maziwa alishindwa kujizuia.

"Mume wangu alinunua ngozi maisha yake yote," akasema. "Hakupigiwa saluti hata mara moja."

Nilisikia dereva akikohoa gizani ili asicheke. Mgeni mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.

Hatukutegemea kumwona tena, lakini Jumamosi alikuja, bila koti, akakaa mstari wa mbele kungoja ukosoaji wake. Mama wa maziwa alimsifu kwa ng'ombe. Halafu alisema, "Unaposema, unatazama mlango. Tutazame sisi." Mkutano ulipokwisha akamvuta kando, mimi nikiwa nakusanya viti. Kaka mdogo wa mama huyo alikuwa amechukuliwa katika msako pamoja na mifugo, na kila ofisi aliyokwenda walimwambia aende nyingine.

Mgeni hakuahidi kitu. Wiki kadhaa baadaye alimwambia mbele yetu, kwa maneno machache na macho yakimtazama yeye, kwamba kijana yuko hai, anashikiliwa bara, na jina lake limo katika orodha ya watakaoachiliwa. Mama alikaa chini sakafuni palepale. Mtandio alijifunika nao uso mzima, na hakuna aliyechomoa karatasi siku hiyo.

Kijana alirudi mvua zilipoanza, amekonda, mkimya. Wakati huo mgeni alikuwa amehamishwa, na ukumbi wetu umejazwa magunia ya unga wa wanajeshi. Mama alituhamishia uani kwake. Mbuzi walilia katikati ya kila hotuba, na mwenyekiti akaamua kwamba hilo lihesabiwe kuwa ni makofi. Yule kaka aliketi ukutani akisikiliza, na jioni moja, mkalimani alipokuwa akihutubia kwa uchungu kuhusu umuhimu wa nidhamu, mbuzi mmoja alimla ncha ya tai, na tukamsikia kijana akicheka kwa mara ya kwanza.