Aliposema Amelifunga Jalada

Taarifa ya kifo chake ilinifikia siku mbili baada ya mazishi, kwa sababu kisanduku changu cha baruapepe kilikuwa kimejaa na hakikupokea kitu. Angecheka. Miaka yote tuliyofanya kazi katika ofisi moja ya upimaji ardhi hapa Tabora, yeye akitunza kumbukumbu na mimi nikiandika ripoti, hakuchoka kuniambia, "Kaka, punguza mzigo." Sikupunguza, kwa kuwa sikumwamini.

Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimu kwa furaha kupita kiasi najiuliza unataka nini. Marehemu alinipa sababu. Kila baada ya miezi michache, barua za zamani zilitoweka kwenye kompyuta zetu. Alisema faili la kumbukumbu lina ukomo, na likiuzidi halipotezi barua moja mbili, linagoma kufunguka lote; kwa hiyo yeye huzihamisha mapema. Akiwa Mnyamwezi wa Puge, aliongeza kwamba hata wapagazi wa misafara walijua kipimo cha bega. Mimi niliona hayo ni maneno matamu ya mtu anayeficha kitu.

Siku moja akaja mama mjane kutoka Kwihara, akaketi mbele ya meza ya mwenzangu. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka, na ramani ya kumtetea ilikuwa imetumwa ofisini na mpimaji wetu kwa baruapepe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shamba langu limefikia wapi?"

"Jalada lako nimelifunga, mama. Liko salama."

Yule mama aliinuka, akajitanda khanga yake, akaondoka. Mimi nilikuwa meza ya pili. Limefungwa? Kwa faida ya nani? Nikaitafuta ramani kwenye kompyuta, haipo. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi kumshtaki, na kabla mwezi haujaisha mwenzangu akahamishiwa tawi la Nzega. Alituaga wote kwa mkono, nami nikiwemo. Nikashuku hata hilo.

Msimu ule mjane hakulima, alilima jirani. Kisha faili kubwa la ofisi, ambalo hakuna aliyeligawa tena, likagoma kufunguka. Ndipo tulipofungua droo yake tukakuta diski ndogo na orodha iliyoandikwa kwa mtindo wa masjala, alikoanzia kazi: juzuu la kwanza limejaa, limefungwa, juzuu la pili limefunguliwa. Ramani ya Kwihara ilikuwa katika juzuu la nne. Kwa watu wa masjala, kufunga jalada ni kuhifadhi lililojaa ili jingine lianze. Sisi wengine tulisikia kwamba shauri limekwisha. Mama alirudishiwa shamba lake, na habari nilimpelekea mwenyewe.

"Na yule mwanangu wa jalada," akauliza, "mmemwambia?"

Nikasema nitamwambia.

Tangu hapo nimepita Nzega mara nyingi nikielekea Igunga, na sikushuka hata mara moja. Naona aibu kuliandika hili. Kushuku sitaacha, maana yapo majalada yanayofungwa kweli. Ila shuku yangu ilikosa swali moja dogo: ukisema umelifunga, una maana gani? Kutoka meza yangu hadi yake zilikuwa hatua nne. Leo asubuhi nimezifunga barua zangu za zamani, nikafungua juzuu jipya. Barua ya kwanza ndani yake ni ya kumwomba radhi, na sina pa kuituma.