Madamu Anasema Nilikuwa Nakaba Watu

Naomba jina langu lisionekane, maana Moshi ni mji mdogo na wengi wa kikundi chetu wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka ishirini na nne, nafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea mageti huku Majengo. Jioni naigiza. Nina mchumba, au niseme nilikuwa naye, sijui tena.

Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Baba wa kambo hakunitaka, nikaishia stendi. Nililala vibarazani, niliokota chupa na vyuma chakavu, na gundi nilivuta, sifichi. Lakini sikuwahi kumwibia mtu. Hilo naomba mlishike.

Pale stendi ndipo aliponikuta mwanamke mmoja ambaye sote tunamwita Madamu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha, akaanzisha kikundi cha maigizo na ngoma kwa ajili ya vijana kama sisi. Siku ya kwanza nilimfuata kwa sababu ya uji. Baadaye nilimfuata kwa sababu alinipa nafasi ya mzee mbishi asiyesikia vizuri, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kufurahi kwa sababu yangu. Madamu aliniachisha gundi, akanifundisha kusoma upya kwa kutumia maneno ya michezo yetu, akaniombea kazi karakana. Nilipougua taifodi, yeye ndiye aliyekaa nami hospitali. Kwa hiyo msiniambie sina shukrani. Ningekuwa sina, nisingeteseka hivi.

Shida ni ushuhuda. Kila wakija wageni wanaosaidia kikundi, mchezo ukiisha Madamu ananiita mbele na kueleza alikonitoa. Mwanzoni alisema ukweli mtupu. Baadaye nikawa kibaka. Mwaka uliofuata nikawa nakaba watu kwa kisu. Nilipomuuliza alicheka, akasema hiyo nayo ni sanaa, chumvi kidogo haiharibu mboga. Nikawa nasimama pale nimeinamisha kichwa, naitikia, wageni wanafuta machozi.

Mwaka huu nikampata mchumba, binti wa Machame, anafundisha chekechea. Yeye anayajua maisha yangu yote. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu mkimya mwenye migomba yake na ng'ombe wake, na alikuwa ameshakubali fundi wangu wa karakana apeleke posa kwa niaba yangu. Nikatamani mzee aone ninachokiweza. Nikaomba usharika wao utualike siku ya vijana. Kabla hatujaanza nilimwomba Madamu, leo usiniite mbele, hawa ni wakwe zangu. Akasema nisiwe na wasiwasi.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilimwona mzee kwenye benchi la pili akicheka, anajifuta macho kwa leso. Nikasema moyoni, leo nimepata baba. Kumbe Madamu alikuwa amemwalika mgeni mmoja wa wafadhili, amekaa nyuma. Madamu akashika maiki.

"Huyu mnayemcheka," akasema, "alikuwa anakaba watu stendi."

Kanisa zima likageuka kuniangalia. Nami kwa mazoea nikainamisha kichwa, nikaitikia.

Nyumbani kwao walinipa mtori, wakanikirimu vizuri tu. Nilipomaliza kula, mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akasema lile jambo la posa tuliache kwanza. Nikamwambia, "Baba, si kweli. Sijawahi kumkaba mtu."

Akaniuliza, "Kama si kweli, kwa nini uliitikia mbele ya madhabahu?"

Nikapanda gari la kurudi Moshi.

Kesho yake nilimfuata Madamu, nikamwomba aende Machame akamweleze mzee ukweli. Akakataa. Akasema yule mfadhili akija kusikia alidanganywa, ukumbi tunaofanyia mazoezi tutanyang'anywa. "Watu hawatoi ukumbi kwa sababu unachekesha," akaniambia. "Wanatoa kwa sababu umeokolewa." Halafu akakaa kwenye kiti, akalia, akasema amechoka kuombaomba na hajui njia nyingine. Nilikwenda na hasira, nikaishia kumbembeleza. Nilipofika kwangu nilipiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba.

Mchumba wangu anasema ananiamini, lakini hawezi kushindana na baba yake. Anataka aliyesema uongo ndiye aje aufute.

Nikamwambia Madamu kwamba sisimami tena mbele ya wageni. Hakugombana nami. Akachagua mwingine, binti wa miaka kumi na tano, nimwite Salome. Mama yake anauza ndizi sokoni Kiboriloni, na huyo mtoto hajawahi kulala nje ya kwao. Aliletwa kwetu kwa sababu aliacha shule na makundi ya mtaani yalishaanza kumzunguka. Sasa anafundishwa aseme alikuwa analala stendi na kuvuta gundi. Juzi baada ya mazoezi alinifuata, akaniuliza taratibu, "Kaka, nikisema hivyo, mama si ataonekana alinitupa?"

Wageni wanakuja Jumamosi. Nikisimama nikasema yote ni uongo, ukumbi utafungwa, wadogo zangu wa kikundi watarudi stendi, na mwanamke aliyenilea ataaibika mbele ya mji mzima. Nikinyamaza, Salome atasimama pale niliposimama mimi. Nimeshaongea na Madamu tena na tena, anasema nina kiburi tangu nipate mchumba.

Msiniambie tu niondoke kwenye kikundi, maana nikiondoka mimi, yule mtoto anabaki. Wenye busara mliomo humu, na nyie akina mama mnaouza sokoni kama mama yake, nishaurini. Hiyo Jumamosi, maiki ikishashikwa na jina la Salome likaitwa, nifanye nini?