Mlango wa Mama Zaina

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, nimepiga goti uani kwetu Kimanga, msumeno mkononi, na mbele yangu umelala mlango wa jirani.

Ulikuwa mwaka ule waasi walipoondoka Uvira na askari wa serikali wakarudi. Sisi tulikuwa tumekimbilia Rurambo, juu milimani kwa wafugaji, na tuliposhuka tulikuta nyumba yetu imesimama, lakini mlango umekwenda. Mama alitundika mkeka mahali pake. Mimi chuo kikuu nilikuwa nimekiacha katikati kwa sababu ya vita, nikarudi na maswali mengi kuliko nguo. Nilimhoji padri, nilihoji serikali, nilihoji hata waasi ambao wenzangu waliwasifu. Kijana asiyeuliza huzeeka mjinga. Hilo bado naliamini.

Noeli ilipokaribia, Mama alitaka pango la Noeli, kile kibanda cha mbao tulichozoea kuweka mbele ya nyumba, chenye Mtoto na wazazi wake. "Tusipopamba, watu watasema nyumba hii ilikufa." Mbao za sokoni hatukuziweza. Basi nikaenda kwa Mama Zaina.

Yeye na mumewe walikuwa Waislamu, wachuuzi, watu wa ufuko huu wa ziwa tangu enzi za mababu zao. Risasi zilipoanza walivuka kwenda Burundi, na habari zao zikakatika. Waporaji waling'oa bawaba za mlango wao, ukabaki unaning'inia kwa kufuli. Nikang'oa na chuma kilichoshika kufuli lile, nikaubeba.

Mama akatoka jikoni. "Weye! Hiyo mlango ni ya nani?"

"Ya Mama Zaina. Lakini iko ya bure, mama. Haina mwenyewe."

"Alikuambia hivyo?"

"Hayuko! Wazee si wanasema, asiyekuwapo na lake halipo?"

"Wazee waliosema hivyo walikuwa wezi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na mlango wetu, mama? Nani alituuliza sisi?"

Akaushika ule mkeka. "Ndiyo sababu miye najua upepo inaingia wapi. Weye unauliza kila kitu, mpaka Mungu unamuuliza. Hii neno 'haina mwenyewe', uliiuliza nini?"

"Na wasiporudi?"

"Basi mlango itawangojea. Weye inakuuma wapi?"

Niliurudisha, mwanangu, huku nikinung'unika. Niliupigilia kwa misumari ya zamani niliyoinyoosha kwa jiwe, vipande vya ngozi vikiwa bawaba, na chuma cha kufuli nikakirudisha mahali pake, kufuli likiwa bado limefungwa. Kisha nikatafuta vya kwetu. Akiba haiozi: nyavu zilizochakaa zilitupa kamba, matete ya mto Ruzizi yakawa paa. Ufukoni nilikuta ubao wa mtumbwi uliovunjika, na safari hii niliwauliza wavuvi kwanza. Wakacheka, wakanipa. Pango lilipinda upande mmoja, na ng'ombe niliyemchonga alifanana na mbuzi. Halikutugharimu kitu ila ukucha wa kidole gumba changu.

Siku chache kabla ya Noeli, Mama Zaina alirudi na binti yake. Mumewe alikuwa amezikwa ng'ambo. Hakumsalimu mtu. Alisimama mbele ya mlango wake, akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge, akatoa ufunguo. Kutu ilimkatalia kidogo, kisha kufuli likaitika. Ndani hamkuwa na hata kigoda. Lakini aliingia kwake kwa ufunguo wake, na nilimwona akiurudisha fundoni kama mtu anayerudisha jina lake.

Jioni alikuja kutazama pango letu. "Mbona hamna mtende? Kwetu Maryamu alijifungulia chini ya mtende."

"Basi leta," Mama akamjibu, "maana huyu fundi wangu hata ng'ombe hamujui."

Akaleta kuti, akalichomeka kando ya Mtoto. Tangu hapo hatujapamba bila kuti.

Mwanangu, uliza maswali. Waulize wakubwa, viulize vitabu, hata methali ziulize, maana zipo zilizotungwa kumfariji mwizi. Lakini neno linalokupa faida, hilo ulihoji mara mbili. Ukiambiwa kitu hakina mwenyewe, jua labda mwenyewe yuko ng'ambo, ufunguo ameufunga kwenye nguo. Pamba nyumba yako kwa kilicho chako, hata kikipinda.

Mungu akulinde huko uendako. Na siku utakayorudi, ufunguo wako ukute mlango.