Mwizi Aliyebakisha Majani ya Wiki Ijayo

Hii utasoma mara mbili ukidhani nimeongeza chumvi. Mama wa miaka sabini na mbili ameshika mwizi wa majani chai kwa kuangalia tu vile alichuna. Sasa anatamani angekosea.

Jumamosi, saa moja asubuhi, kijijini Merigi. Gogo Tecla, yaani nyanya kwa lugha ya huku, yuko katikati ya chai yake, kikapu mgongoni, vidole vinakimbia. Anachuna akinung'unika.

"Polisi hawajui chai," ananiambia. "Wanakunywa tu."

Jana aliamka akapata mistari minne imechunwa, kama kilo thelathini hivi. Majirani wakamshika Atuti, kibarua kutoka Kisii, eti kwa sababu hupita hapo asubuhi akienda kazi. Sasa yuko ndani kituo cha polisi, na Jumatatu anapelekwa kortini.

Gogo alikagua mti mmoja mmoja. Mwizi alitoa majani mawili na chipukizi, basi. Machanga ambayo hayajafika kuchunwa hakugusa.

"Mwizi hung'oa kila kitu akimbie," anasema. "Huyu alibakisha ya wiki ijayo. Ni nani hufanya hivyo? Mwenye shamba."

Akapeleka hayo maneno kituoni. Afisa akacheka. "Gogo, kwani majani yamekuandikia barua? Enda upumzike."

Hakupumzika. Jioni alimwita kitinda mimba wake, Kimutai, ndiye atarithi hiyo chai, akamuuliza. Kijana wa miaka thelathini na nne, hata hakukana.

"Mama, si hii chai itakuwa yangu? Nimechukua tu mapema."

"Na Atuti?"

"Huyo atatoka tu."

Gogo akinisimulia anatupa majani kwa kikapu kama anapiga mtu. "Angeniomba ningempa. Nimemnyima nini huyu?"

Majirani walewale sasa wanamwambia aondoe kesi, mambo yaishe kimya. Hataki kusikia. Atuti atatoka, sawa, lakini na jina la mwizi. Mkewe, Phelis, ameshaambiwa asirudi kuchuna kwa watu.

"Nikinyamaza, hao watakula nini hapa Merigi?"

Mpango wake ni kusimama kortini Jumatatu amtaje Kimutai. Na Kimutai ameapa: mama akisema, yeye hatakanyaga hapo nyumbani tena, hata siku ya kumzika.

"Basi Atuti atanizika," Gogo anasema, halafu anaendelea kuchuna mpaka mwisho wa mstari.

Wewe ungekuwa Gogo, mtoto ni wako na umri ni huo, Jumatatu ungefanyaje?