Bakuli la Kijapani la Mama Shiro

Leo nimemnyamazisha Mama Shiro mbele ya pasta.

Tulikuwa kwake Blacktown, huku ughaibuni, kwa lunch. Nilipotoa jagi na beseni niwanawishe wageni, akanicheka wote wakisikia: "Dada, hapa si kijijini!"

Haya.

Kachumbari ikaletwa kwenye bakuli la Kijapani la zamani, lenye mguu na maua ya buluu. Alivyolisifu, wee!

Sasa, kuna shosho, bibi mzee Mjapani ninayemtunza kazini, analo kama hilo. Alinieleza kazi ya bakuli hilo: ukimaliza pombe, unasuuza kikombe humo ndipo umpe mwenzako.

Nikangoja pasta aongeze kachumbari mara ya pili. Ndipo nikayasema hayo, wote wakisikia.

Pasta akaweka kijiko chini.

Mama Shiro akaninong'oneza, "Si ungeniambia jikoni?"

"Kwani wewe ulinicheka jikoni?"